Sura ya Sita: Kulipunguza Jua

Saa sita na nusu mchana, mjini Same, jua halina mswalie Mtume. Kijana ametoa nje chungu cha bibi yake, kile cha kupikia makande, amekiweka katikati ya ua uliofagiliwa, amerudi hatua mbili, amebonyeza simu. Picha inayotoka inasikitisha. Bega moja la chungu limeungua jeupe pe, ubavu wa pili umezama kwenye weusi usioonyesha kitu, na chini yake kimelala kivuli kifupi, cheusi tii, kana kwamba chungu kimevuja lami. Alama alizoacha mfinyanzi shingoni hazionekani. Masizi ya miaka mingi, yaliyoganda hadi yakang'aa, nayo hayaonekani. Kijana anaitazama, anashusha pumzi, kisha anatoa hukumu inayotolewa kila siku kuanzia Hedaru hadi Mwanga: simu hii mbovu, nikipata hela nitanunua yenye kamera nzuri.

Simu haina kosa. Kosa ni la saa na la mahali.

Same imekaa upande wa mlima unaonyimwa mvua. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya Upare Kusini, yakamwaga maji yake huko juu, kwenye msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Yakivuka kuja bondeni huwa yamebaki matupu. Ndiyo maana mtu huweza kuondoka Mbaga, huko juu mlimani, asubuhi amevaa sweta, akafika Same akawa anatafuta mwarobaini wa kujificha. Kwa mkulima wa mahindi hali hiyo ni mkosi. Kwa mpiga picha ni utajiri uliopita kiasi, na utajiri wa namna hiyo nao una taabu zake.

Vitabu vingi vya kupiga picha za vitu tuli, yaani picha za vyombo, matunda, zana na vitu vingine visivyotikisika ambavyo mtu huvipanga ili vitazamwe, viliandikwa na watu wa nchi zenye mawingu. Humo mwanafunzi hufundishwa kuongeza mwanga: anunue taa, anunue mwavuli wa kurudisha mwanga, anunue na kisanduku cha kuulainisha. Mkazi wa Same akilifuata somo hilo atakuwa anachota maji kisimani kuyapeleka baharini. Somo lake yeye limegeuzwa juu chini. Kazi yake ni kulipunguza jua, kulizuia, kulichuja, na kulikaribisha ndani ya nyumba kwa kipimo.

Historia ya kazi yenyewe inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwingereza William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alitoa kitabu chake The Pencil of Nature katika mafungu sita kati ya mwaka 1844 na 1846. Kilikuwa na picha 24. Ya tatu ni ya rafu za vyombo vya kauri, vikombe na birika na sanamu ndogo. Ya nne ni ya vyombo vya kioo. Nyingine inaonyesha safu mbili za vitabu na inaitwa kwa jina la maktaba, ingawa vitabu hivyo havikupigwa picha ndani ya maktaba yoyote. Talbot alivitoa nje, kwa sababu karatasi zake za wakati ule zilihitaji jua jingi na muda mrefu. Uingereza ililazimika kutoa kabati uani. Same inapaswa kulirudisha ndani.

Vyombo vilimfaa Talbot kwa kuwa havichoki kukaa mkao mmoja. Lakini aliona faida nyingine pia, ambayo wengi husahau wanaposifu usanii wake: mwizi akivamia nyumba na kuzoa vyombo, picha inaweza kupelekwa mahakamani iwe ushahidi wa aina mpya. Hoja hiyo haijazeeka. Cherehani, redio, baiskeli na seti ya sufuria za harusi ni mali, na picha safi ya kila kimoja, pamoja na ya namba iliyogongwa chini yake, ni jambo la maana siku mtu anapokwenda kutoa taarifa polisi. Basi hata asiyejali sanaa ana sababu ya kuendelea na sura hii.

Turudi kwenye jua. Lina kalenda yake, na anayeijua kalenda hiyo hahitaji kununua taa.

Mji wa Same uko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 4 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi, na nguzo iliyosimama wima hukosa kivuli kwa dakika chache. Dakika hizo haziji saa sita kamili. Saa ya Tanzania hufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45, nao uko mashariki zaidi, wakati Same iko karibu na nyuzi 38. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa kati ya saa sita na robo na saa sita na dakika arobaini na kitu, kutegemea mwezi. Huo ndio wakati kijana wetu alipotoa chungu chake nje.

Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni, likiwa juu kabisa, kivuli cha nguzo ya mita moja huangukia kusini kwa nusu mita hivi. Baada ya mwanzo wa Oktoba mambo hugeuka, na mwishoni mwa Desemba kivuli cha nguzo ileile huangukia kaskazini, tena hakifiki hata sentimita 40. Maana yake sebuleni ni hii: tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, dirisha linalotazama kusini haliingizi jua lenyewe. Linaingiza mwanga wa anga tu, mpole, unaokaa hivyohivyo kwa saa nyingi, na chungu kinachowekwa kando yake saa tatu asubuhi kitakuwa na sura ileile saa tano. Mwanzo wa Oktoba ukipita, zamu inahamia dirisha la kaskazini.

Wachoraji wa Ulaya walipenda chumba chenye dirisha la kaskazini kwa sababu hiyohiyo, na vitabu vya kamera vimerithi ushauri wao bila kuuliza msomaji anakaa wapi. Anayeufuata Same mwezi wa Juni atapokewa na jua la uso. Asiyetaka kukumbuka miezi yote hiyo ana kanuni moja isiyo na msimu: asubuhi dirisha la magharibi, alasiri dirisha la mashariki.

Nyumba isiyo na dirisha la maana huwa na baraza. Pale bati linapomaliza kivuli chake na jua kuanza, ndani kidogo, nusu mita au mita moja kutoka kwenye ukingo wa jua, mwanga ni mwingi lakini hauchomi. Ni studio isiyolipiwa kodi. Tatizo lake ni udongo. Ua wa udongo mwekundu ukipigwa na jua hurudisha mwanga mwekundu kutoka chini, na bakuli jeupe lililokaa barazani hupata tumbo la rangi ya tofali. Mtu hulaumu kamera kwa kubadilisha rangi, kumbe kamera imesema kweli. Kiroba cheupe kilichopasuliwa na kutandazwa uani mbele ya baraza huondoa wekundu huo mara moja. Kuta nazo husema: chumba kilichopakwa kijani huzaa sufuria ya kijani, na pazia la kitenge chekundu huzaa maziwa ya waridi.

Palipo na dirisha moja tu, nalo linapigwa na jua, neti ya mbu hufaa. Iwe nyeupe, maana ya buluu itakipaka kila kitu buluu. Ikunjwe mara tatu au nne, itundikwe kwenye nondo. Shuka jeupe lililopauka nalo hufaa, hata zaidi. Kivuli cha nondo kilichokuwa kimemchora zebra ubavuni mwa chungu hupotea, na dirisha zima hugeuka taa moja kubwa. Kubwa ndilo neno. Jua, japo lenyewe ni kubwa ajabu, likitazamwa kutoka duniani ni kitone, na kitone hutoa kivuli chenye ukingo mkali kama wa kisu. Chanzo kipana hutoa kivuli kinachoanza polepole na kuisha polepole, na mpito huo wa polepole ndio unaomwambia mtazamaji kwamba chungu ni mviringo.

Kiswahili kina neno moja, kivuli, kwa mambo mawili: mahali mtu anapopumzikia, na umbo jeusi linalomfuata akitoka hapo. Ofisini huongezeka la tatu, pale mwombaji anapotakiwa kuambatanisha nakala kivuli ya cheti. Kwa mpiga picha wa vyombo neno hilo limekaa mahali pake hasa. Anaingia kivulini ili apate kivuli.

Chungu basi kimeingia ndani, kimekaa juu ya meza, dirisha liko kushoto kwake. Mwangaza unakipiga ubavu. Mpiga picha asimame dirisha likiwa kushoto kwake, lisiwe mgongoni mwake, maana mwanga unaotoka nyuma ya mpigaji hufanya chungu kionekane bapa kama chapati. Kwa sababu hiyohiyo taa ya simu izimwe, izimwe kabisa, na balbu ya dari pia; mwanga wa dirisha na wa balbu haupatani rangi, na picha hubaki nusu ya njano nusu ya buluu. Ubavu wa kulia ukizidi kuwa mweusi, karatasi nyeupe au kipande cha kadibodi kilichofunikwa kwa karatasi husimamishwa upande huo kurudisha mwanga kidogo. Sinia la alumini hushawishi, lakini hung'aa mno na kutupa madoa. Na wakati mwingine inafaa kufanya kinyume: kusimamisha kitu cheusi, kadibodi iliyosuguliwa kwa masizi ya jikoni, ili upande wa kivuli uwe mzito zaidi. Wanaopenda picha zenye huzuni kidogo hutumia hila hiyo. Mwandishi wa sura hii ni mmoja wao.

Hapo kamera huleta ubishi wa mwisho. Imefundishwa kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Ikiona chungu cheusi kimejaza kioo hudhani kuna giza, huongeza mwangaza, na masizi ya miaka mingi hugeuka kijivu kama majivu ya jana. Ikiona bakuli jeupe la enameli hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na bakuli huonekana chafu. Dawa iko kidoleni: mtu aguse kitu kwenye kioo cha simu, kisha ashushe alama ya mwangaza kwa kitu cheusi na kuipandisha kwa kitu cheupe. Kinyume cha akili ya kawaida, ila ndivyo ilivyo.

Sufuria ni mtihani mwingine kabisa. Chuma kinachong'aa hakina sura yake, kina sura ya chumba. Kinachoonekana ubavuni mwa sufuria mpya ni dirisha, ni mlango uliofunguliwa, ni mpiga picha mwenyewe na fulana yake ya njano. Kwa hiyo anayetaka kuipiga sufuria vizuri huacha kuishughulikia sufuria na kushughulikia chumba. Husimamisha shuka jeupe upande mmoja, kitu cheusi upande wa pili, na sufuria hupokea mistari miwili safi inayoeleza mviringo wake. Fulana ya njano huvuliwa.

Kioo hutaka mwanga wa nyuma. Hakuna aliyelionyesha hilo kwa uvumilivu kuliko Josef Sudek, mpiga picha wa Prague aliyezaliwa mwaka 1896 na kupoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Studio yake ilikuwa kibanda cha mbao uani, na kati ya mwaka 1940 na 1954 alilipiga picha dirisha la kibanda hicho tena na tena, kwanza wakati mji ukiwa chini ya Wajerumani na kutembea na kamera barabarani kukiwa na hatari yake. Kwenye ukingo wa dirisha aliweka vitu alivyokuwa navyo: glasi ya maji, yai, kipande cha mkate. Glasi zake zinawaka kutoka ndani kwa sababu mwanga unapita ndani yake kabla ya kufika kwenye kamera. Aliyekuwa na mkono mmoja, kamera nzito na dirisha moja alifanya kazi ya miaka 14 kwa glasi. Chupa ya asali kutoka Upare ikiwekwa vivyo hivyo, dirisha nyuma yake, karatasi nyeupe iliyokatwa kwa umbo la chupa ikajificha mgongoni, rangi ya asali hujitokeza ambayo hakuna mwanga wa mbele ungeweza kuitoa.

Kisha kuna tangawizi, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndiyo bidhaa ambayo picha yake ina fedha ndani yake. Inalimwa huko juu, Mamba Miamba na vijiji jirani, ambako pia kimejengwa kiwanda cha kuisindika. Siku hizi inauzwa hata kwa picha ya kwenye simu, mnunuzi akiwa mbali, hajaishika wala hajainusa. Picha nyingi za tangawizi zinazosambaa zina gunia lililofunguliwa, mkono wa mtu, kidole kinachoelekeza, na rundo la kitu kilichokunjana chenye rangi ya vumbi. Mnunuzi haoni ukubwa, haoni ngozi, haoni kama imenyauka.

Tangawizi ina mwili wa ajabu. Ina vifundo kama vya vidole vya mzee, pete nyembamba zinazozunguka kila kifundo, ngozi inayobanduka kama karatasi. Vyote hivyo huonekana tu mwanga unapokuja kutoka pembeni, chini chini, ukikwaruza uso wake; ndio mwanga wa saa kumi na moja jioni, au wa dirisha ambalo tangawizi imewekwa sawa na kizingiti chake. Ioshwe, lakini isisuguliwe hadi ikafanana na ya dukani. Kipande kimoja kivunjwe kwa mkono, kisikatwe kwa kisu, ili nyuzinyuzi na unjano wa ndani vionekane. Kivunjwe dakika ileile ya kupiga picha, maana hukauka haraka. Kando yake kiwekwe kitu ambacho kila Mtanzania anajua ukubwa wake, kama kiberiti.

Aliyewahi kuuona mwili wa mboga namna hiyo ni Mmarekani Edward Weston. Mwaka 1930, huko California, alishughulika kwa siku kadhaa na pilipili hoho zilizojikunja. Alikuwa amekwisha kujaribu kuziweka mbele ya kitambaa na mbele ya kadibodi, na hakuridhika. Siku moja akachukua faneli kubwa ya bati, akailaza, akaweka hoho ndani ya mdomo wake. Bati lile likazungusha mwanga pande zote, likaijaza hoho kwa mng'ao uliokuja kutoka kila upande, na nyuma yake kukawa giza la mviringo lisilo na mstari wa meza wala kona ya ukuta. Picha hiyo, Pepper No. 30, ni miongoni mwa picha za vitu tuli zinazojulikana zaidi duniani, na namba iliyo kwenye jina lake inakumbusha kwamba haikuwa ya kwanza. Faneli ya bati ya kumiminia mafuta ya taa bado inapatikana katika maduka ya vifaa. Kipande cha tangawizi kinaingia vizuri.

Si kila kitu kinataka kurembwa, hata hivyo. Mwezi Julai 1955 jarida la Fortune la Marekani lilichapisha picha za Walker Evans za zana za kawaida za dukani, za bei nafuu: koleo, spana, mwiko wa mwashi na kadhalika. Evans hakuziwekea maua wala mikono ya fundi. Kila zana ilipewa ukurasa wake, imelala peke yake juu ya uwanja wa kijivu mtupu, imepigwa kutoka juu, na uzuri wake ukatoka kwenye kazi iliyotengenezewa.

Upare una haki ya kuuchukua mtindo huo kuliko mahali pengi. Milima ya kaskazini, hasa Ugweno na Usangi, ilikuwa ya wafua chuma karne nyingi kabla ya jembe la kiwandani kuletwa kwa meli. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi na uliwahi kutawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Habari hizo zimeelezwa kwa kirefu na mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969. Wachaga walinunua chuma kutoka huko. Jembe kuukuu, mundu, au kisu kilichofuliwa na mhunzi, kilichobaki kwenye dari ya nyumba ya babu, kinastahili ukurasa wake. Utaratibu hauchoshi: sakafu ya saruji ya barazani, kivulini, ifagiliwe, zana ilazwe, simu ishikwe juu yake, sambamba na sakafu, si kwa mteremko, nafasi tupu iachwe pande zote. Kutu isisuguliwe. Watu wengi wana hamu ya kung'arisha kitu kabla ya kukipiga picha, na kwa sufuria hamu hiyo ni sahihi, lakini kutu ya jembe na masizi ya chungu ni sehemu ya umri wake.

Vumbi ni jambo jingine. Same ina vumbi, na upepo wa bondeni hulipeleka kila mahali, mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Kwa jicho halionekani. Kwenye picha ya karibu huonekana kama mba. Brashi laini ya kupaka rangi hulitoa vizuri kuliko kitambaa. Na kabla ya chombo, lenzi ya simu ndiyo inayopaswa kufutwa. Mafuta ya kidole juu ya lenzi hutanda kama ukungu wa Shengena, na watu huishi na ukungu huo miaka wakidhani ndiyo hali ya simu yao.

Mambo ya simu yenyewe hayahitaji ukurasa mzima. Lenzi yake ya kawaida ni pana, na ikisogezwa karibu hutunisha kilicho mbele: mdomo wa birika huwa mkubwa, kitako huwa kidogo, kama birika linapiga chafya. Mpigaji arudi nyuma nusu mita zaidi, kisha avute mara mbili. Simu iegemezwe kwenye tofali au iwekwe ndani ya kikombe cha maharage, ipigwe kwa kuhesabu sekunde tatu ili kidole kisiitikise. Basi.

Kinachohitaji muda ni kupanga, au tuseme kupangua. Sebule ya Kitanzania ina kipaji cha kujaza: kitambaa cha kufuma juu ya kochi, kitambaa cha kufuma juu ya redio, maua ya plastiki, kalenda ya mwaka juzi, picha ya harusi, saa ya ukutani. Katika maisha ujazo huo ni ukarimu. Katika picha ya chungu ni kelele. Mwanafunzi akiambiwa aboreshe picha yake, jambo la kwanza hufikiria nini cha kuongeza, aongeze ua, aongeze khanga nzuri chini, aongeze vitunguu viwili. Ajaribu kuondoa kitu kimoja kila anapopiga, mpaka picha ianze kuonekana pungufu, kisha arudishe kile cha mwisho alichoondoa. Khanga ni ya kuogopwa hasa. Ina rangi kali, ina pindo, ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mtazamaji ataanza kuisoma na kukisahau chungu. Mkeka uliopauka, mbao ambayo haijapakwa rangi, gunia la katani lililopigwa pasi: hivi vinajua kunyamaza.

Kwa vitu viwili au vitatu pamoja, mantiki ya matumizi hushinda mantiki ya urembo. Kinu na mchi. Birika, kikombe, na kipande cha tangawizi. Ungo wenye maharage na mahindi ya makande ya jioni hiyo, chungu kando yake, mafiga nyuma yakiwa hayaonekani vizuri. Mtazamaji aliyekulia Suji au Vudee atajua mara moja kama vitu hivyo vimewahi kukutana au vimekusanywa kwa ajili ya kamera. Nanasi la plastiki kando ya kinu halimdanganyi mtu.

Kuna sababu nyingine ya kuifanya kazi hii sasa, na haihusu biashara. Wamisionari wa Leipzig, walioingia Upare mwanzoni mwa karne ya 20, walipiga picha, na sehemu ya picha zao kutoka Tanganyika ya kaskazini imewekwa kwenye mtandao kupitia Chuo Kikuu cha Southern California, ambako yeyote anaweza kuzitazama. Katika picha za namna ile mtungi huonekana kwa bahati tu, kichwani kwa mtu au mlangoni mwa nyumba, bila jina lake, bila mfinyanzi wake. Aliyeko nyumbani leo anaweza kufanya vizuri zaidi kwa simu na meza. Bibi bado anajua chungu kilinunuliwa gulio gani, kwa nani, kilipikiwa nini, na kinaitwaje kwa Chasu, lugha ya Wapare. Akiulizwa "Bibi, hiki mlikuwa mnakiitaje?" atajibu, tena atasahihisha matamshi. Maneno hayo yaandikwe siku ileile, pamoja na tarehe na vipimo, yahifadhiwe na picha. Ziwepo picha tatu za kila kitu: ya mbele, ya chini, na ya karibu inayoonyesha palipokwaruzika au palipozibwa.

Anayetaka kujaribu bila gharama aanze na kitu kimoja na dirisha moja. Akiweke mahali pamoja, akipige saa moja asubuhi, saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja, bila kukisogeza, kisha jioni azipange picha sita hizo kwenye kioo cha simu. Ataona vyungu sita tofauti, na kimoja kati ya hivyo kitakuwa cha bibi. Saa hiyo aiandike ukutani, kando ya dirisha, pamoja na mwezi, kwa kuwa ikifika wiki ya kwanza ya Oktoba jua litahamia upande wa kusini na meza italazimika kupelekwa kwenye dirisha la kaskazini.